Ndoo Kumi na Mbili za Timiro

Mwaka wa tisini na sita, ukitaka kujua hali ya Mto Tana pale Garissa, hukwenda ofisi yoyote. Ulimtafuta Timiro Keinan, mwenye punda. Yeye alikuwa akiteka maji mara nne kwa siku kwa miaka kumi na mmoja, akiyauza mtaani Iftin nyumba kwa nyumba, kwa mkokoteni wenye mapipa mawili. Angekwambia mto umepanda au umeshuka, mamba amehamia ukingo upi, na kama maji ya leo yatatulia pipani kabla ya adhuhuri au baada ya alasiri. Angekwambia na mengine ambayo hukuuliza, maana Timiro hakuwa mtu wa kubania maneno.

Alizaliwa porini upande wa Kutulo, kwa watu wa ngamia. Ukame wa themanini na nne ulimaliza ngamia, na mwaka uliofuata ukamaliza mume. Timiro akabaki na binti wa miaka mitano, Ikran, na pete mbili za fedha. Akapanda lori la mbuzi mpaka Garissa, akauza pete, akanunua punda. Punda wa kwanza alikufa kwa uzee. Wa pili, ambaye ndiye tunayemsimulia hapa, aliitwa Afisa, kwa sababu alitembea polepole, alikula vya watu, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Afisa na punda wenzake arobaini hivi waliteremkia mtoni mahali pamoja tu, pengo kati ya mashamba mawili ya ukingoni, ambalo watu waliliita Mlango wa Punda. Kulia kwa mlango kulikuwa na shamba la matikiti la Alio, mtu mwenye shingo nene na subira nyembamba, ambaye kila wiki alihesabu mashina yaliyokanyagwa na kwato. Alio hakuupenda mlango ule hata kidogo. Lakini ulikuwepo kabla ya shamba lake, na mwenye ngoma hakatazwi kucheza kwao.

Basi mwezi wa Februari, katikati ya kiangazi, asubuhi moja samaki wakaonekana wanaelea pale mlangoni, matumbo juu. Walikuwa kama ishirini. Kufika adhuhuri mjini walikuwa mia mbili, na kufika alasiri ilikuwa imeshathibitishwa na kila mtu kwamba dawa za kuulia wadudu za mashamba ya juu zimeua mto. Kamati ya maji ikakaa. Mwenyekiti wake, Kulow, fundi wa pampu aliyestaafu na mtu wa haki, akasema wataitwa wataalamu waupime mto. Wakisema maji ni mazima, mlango utabaki. Wakisema mto umekufa, mlango utazibwa kwa seng'enge, na wenye punda wataenda kuteka kilomita tano juu.

Kilomita tano kwa mwendo wa Afisa ni safari moja kwa siku badala ya nne. Na Ikran alikuwa kidato cha pili. Timiro hakuhitaji mwalimu wa hesabu kujua kwamba safari moja haisomeshi mtu.

Wataalamu walikuja wawili. Wa kwanza alikuwa mwanamume mrefu kutoka Nairobi, mwenye mvi na kalamu tatu mfukoni, aliyesomea Uingereza zamani. Watu wa Iftin, ambao hawamwachi mtu bila jina la kupachikwa, walimwita Daktari Dheere, yaani Daktari Mrefu. Wa pili alikuwa binti wa palepale Iftin, Faiza, aliyeondoka na begi moja kwenda kusoma kusini mwa Afrika na kurudi na vitabu masanduku mawili. Timiro alimjua tangu akiwa msichana wa shule.

Hao wawili waliheshimiana sana na hawakukubaliana kwa lolote. Wote walitaka kupima mto kwa kutazama viumbe vinavyoishi ndani yake, hapo walikuwa pamoja. Lakini Daktari alikuwa na jedwali la alama za viumbe la Uingereza na Faiza alikuwa na jedwali la Kusini. Daktari alipitisha wavu, akasuuza majani na kuyatupa, akatia kilichobaki kwenye ndoo, ili akichunguze baadaye nyumbani kwa utulivu, kwa lenzi. Faiza alimimina wavu wake kwenye sinia jeupe palepale ukingoni, akachuchumaa, akahesabu vinavyotembea vikiwa hai. Daktari alisema sinia ni haraka ya vijana. Faiza alisema ndoo ni starehe ya wazee, ingawa hilo alilisema kwa Kisomali. Ndiyo maana wakaamua kufanya njia zote mbili sambamba, siku kumi na mbili, wapime mto na wapimane wenyewe.

Sasa, gari lao lilikuwa limevunjika springi njiani likaachwa gereji. Wakahitaji mkokoteni wa kubeba ndoo kutoka mtoni hadi nyumba waliyopanga Iftin. Kulow akawaonyesha Timiro, kwa sababu, alisema, huyu hamwagi.

Tatizo likaja siku ya kwanza kabla hata Afisa hajainua kwato. Daktari alileta jerikeni la spiriti, ili akitia kiumbe ndooni akihifadhi papo hapo. Timiro akaweka mkono juu ya mkokoteni.

"Hii ni nini, Daktari?"

"Spiriti, Mama Ikran. Ya kuhifadhia."

"Nalewesha?"

"Hii si ya kunywa. Ukinywa itakuua kabla hujalewa."

"Basi nambaya kushinda bombe," Timiro akasema. "Hii gari nabeba maji ya udhu ya watu. Spiriti iko na miguu yake, atembee."

Daktari alimtazama Faiza, Faiza akatazama mto. Jerikeni likabaki nyumbani. Wakakubaliana kwamba ndoo zitaletwa na maji yake na viumbe vyake vikiwa hai, na Daktari atatia spiriti akifika. Lilionekana jambo dogo.

Kila siku, basi, Daktari alipitisha wavu pale mlangoni, akajaza ndoo moja, akaifunika, akamkabidhi Timiro. Kisha alibaki ukingoni saa nzima akiandika daftarini kina cha maji, joto la maji, rangi ya maji, na mara moja mamba. Timiro akatangulia na Afisa.

Na hapa ndipo ilipo habari yenyewe. Mama yake Timiro, kule Kutulo, alikuwa hampi mgeni maji bila kuyachuja kwa shashi, kile kitambaa chepesi cha kichwani cha mwanamke aliyeolewa. Maji ya bwawa la mvua yana kila aina ya kitu kinachoogelea. Watu wa nyumbani wanaweza kukipuliza pembeni na kunywa, lakini mgeni hapana. Mama alikuwa akisema: mgeni akiona mdudu kikombeni mwako, hatasema ameona mdudu, atasema amekuona wewe.

Siku ya kwanza Timiro alifika nyumbani kwa wageni, akafunua ndoo ili kuona kama imemwagika. Akaona wadudu. Wengine wana mikia, wengine wana mapezi, mmoja ana uso kama wa afisa wa kodi. Aibu ikamshika. Mtu na elimu yake ametoka Nairobi kuja kuyahukumu maji ya Garissa, na yeye ndiye wa kumfikishia maji katika hali hii? Huo ulikuwa ni mto uliojiwa na posa. Bibi harusi hatolewi na tongotongo.

Akachukua shashi safi, akaikunja mara mbili, akachuja ndoo nzima ndani ya ndoo nyingine, akaisuuza ya kwanza, akayarudisha maji, akafunika. Wadudu akawakung'utia kuku wa jirani aitwaye Ebla, waliokuja mbio kama walioitwa kwa majina. Akafanya hivyo siku ya pili, na ya tatu, na zote zilizofuata. Hakumwambia mtu. Wema unaotangazwa una kasoro, na pia, tuseme kweli, alitaka mto upate alama nzuri.

Daktari akija, alitia spiriti, akachekecha, akatazama kwa lenzi, akaona mchanga na vijiminyoo vyembamba kama uzi vilivyopenya shashi. Aliandika na kutikisa kichwa. Siku ya tano alisema kwa sauti kwamba ndoo zake zilikuwa safi ajabu, hata jani halimo, na kwamba hiyo ndiyo faida ya kusuuza vizuri. Kuku wa Ebla walinenepa, wakaanza kutaga hata siku ya Ijumaa.

Jumatano, siku ya kumi na mbili, Timiro alirudi alasiri kuchukua ujira wake, akamfunga Afisa langoni, akasikia sauti ndani. Faiza na Daktari walikuwa wakigombana, kwa adabu, ambayo ndiyo namna mbaya zaidi ya kugombana. Kisha Daktari akatoka akiwa na kalamu zake tatu, akamwamkia Timiro kwa kichwa, akaenda zake kutembea. Faiza alikuwa ameketi mkekani na sinia lake, macho mekundu.

"Kuna nini, mwanangu?" Timiro akauliza kwa lugha yao.

"Eddo," Faiza akasema, akimwita shangazi kwa Kisomali, "kesho kamati inakaa. Mahali pamoja, siku zilezile, wavu wa aina moja. Sinia langu linasema mto uko hai. Ndoo zake zinasema umekufa. Anasema jedwali la Kusini lina huruma mno, na mimi nilitaka kuona nilichotaka kuona. Kwenye ndoo kumi na mbili hamna mdudu wa maana hata mmoja."

"Hilo si zuri? Maji hayana wadudu."

Faiza alimtazama. Akavuta sinia karibu. Ndani ya maji kidogo kulikuwa na kidudu chembamba chenye mikia mitatu, kikitetemesha mbavu zake.

"Huyu ana alama kumi," akasema.

"Kumi za ubaya?"

"Za uzuri, eddo. Huyu hawezi kuishi kwenye maji yenye sumu. Yeye ndiye wa kwanza kufa. Akiwepo, mto ni mzima. Asipokuwepo, ndipo tunaogopa."

Timiro alikijua kidudu kile. Alikijua mikia na mbavu. Alikuwa amewalisha kuku mamia ya ndugu zake. Akatoka bila hata kuaga, jambo ambalo Faiza hakuwahi kuliona tangu amjue. Kisha akamfungua punda na kwenda nyumbani.

Baada ya maghrib alimweleza Ikran yote. Ikran alianza kwa kucheka, na alipoona mama yake hacheki akaacha.

"Hooyo, ukinyamaza, mlango utazibwa."

"Najua."

"Na ukisema, watasema wenye punda waliharibu kipimo makusudi, kwa hiyo hakuna kipimo, kwa hiyo zibeni. Alio ndiye atakayelisema. Na wewe utaitwa mdanganyifu mpaka Liboi, mpakani huko."

"Hilo nalo najua," Timiro akasema. Aliogopa kweli. Seng'enge ilimwogofya, na jina baya likamwogofya zaidi, kwa sababu mtu anayeingia na maji kwenye nyumba za watu huishi kwa kuaminiwa. Lakini alimfikiria na yule binti wa sinia, aliyekuwa akilia kwa kosa ambalo si lake. Mficha uchi hazai, akajiambia. Akaifua shashi, akaianika.

Kamati ilikaa Alhamisi asubuhi ndani ya banda la pampu, kwa Kiswahili, kwa ajili ya Daktari. Alio alikuwa amekuja mapema akakaa mbele. Daktari alisimama, akasema kwa masikitiko kwamba njia mbili zimetoa majibu mawili, na kwamba yeye, kwa uzoefu wake wa miaka mingi, hana budi kuziamini ndoo. Faiza alitazama viatu vyake. Kulow akashusha pumzi, akauliza kama kuna mwenye neno.

Timiro akaingia na ndoo mbili. Moja ilikuwa tupu. Nyingine alikuwa ameitumbukiza mtoni asubuhi ileile, akiikwangua kwenye majani ya ukingoni kama alivyomwona Daktari akifanya. Hakusalimia mmoja mmoja kama kawaida yake, akatoa salamu moja kwa wote. Akatandaza shashi juu ya ndoo tupu, akamimina. Kisha akaiinua shashi kwa pembe zake nne, akaipeleka mpaka puani mwa Daktari.

Juu ya kitambaa kulikuwa na soko zima. Uduvi waliruka, konokono walijikunja, mtoto wa kereng'ende alitembea kwa hasira, na wale wenye mikia mitatu walikuwa wengi, wakipapatika.

"Kila siku mimi nafanya hifi," Timiro akasema. "Ndoo kumi na mbili. Natoa dudu, naba kuku ya Ebla, natia maji safi. Kwetu mgeni habewi maji ya dudu. Mimi sikujua nyinyi natafuta dudu. Mimi nafikiri nyinyi natafuta maji."

Kisha Ebla, aliyekuwa mlangoni, akasema polepole, "Ndiyo maana," na banda zima likapasuka. Kulow mwenyewe alilazimika kuvua kofia na kujifuta macho.

Alio hakucheka. Alisimama. "Mnacheka nini? Huyu ana punda. Mlango ni wake. Mmempa mwizi funguo za boma, sasa anawaambia alikosea. Kipimo kimechezewa. Fungeni mlango."

Kicheko kikafa. Ndilo neno alilolisema Ikran, limekuja na miguu yake. Timiro alimgeukia, shashi bado mikononi.

"Alio," akasema, "kama mimi nataka kudanganya, mimi natia dudu. Mimi nilitoa."

Alio akakaa.

Wote wakamgeukia Daktari. Mzee wa watu alikuwa bado ameinamia shashi, miwani imeteremka puani, akihesabu kwa midomo. Alihesabu mpaka akamaliza. Lilikuwa jambo gumu kwake, kila mtu aliliona, kwa sababu kumi na mbili ni ndoo nyingi, na mwenye mvi kukosolewa na kitambaa cha kichwani mbele ya watu si chakula kitamu. Alinyooka kwa urefu wake wote.

"Mama huyu amesema kweli," akasema. "Mimi ndiye niliyeona maji yasiyo na jani nikajisifu. Mtoto wa darasa la nne angeuliza jani limekwenda wapi." Akamgeukia Faiza. "Nisamehe. Tutarudia siku kumi na mbili."

"Na ndoo atabeba nani?" Alio akauliza.

"Mama Ikran," akasema Daktari. "Nani mwingine? Huyu hamwagi."

Ndipo machozi yakamtoka Timiro, akajifuta na shashi ileile, na uduvi mmoja akamkwama kwenye nyusi.

Walirudia. Spiriti haikupanda mkokoteni safari hii pia, Faiza aliibeba mwenyewe kikapuni, akitembea hatua ishirini nyuma kama alivyoagizwa. Timiro alikaa juu ya mfuniko wa ndoo njia nzima, ili mkono wake usishawishike. Mwishoni ndoo na sinia vilikaribiana. Havikulingana, maana jedwali la Uingereza lilitungwa kwa vijito vya mawe na lilidai wadudu ambao Tana, kwa tope lake, haijawahi kuwa nao. Daktari alilikubali hilo pia, ingawa kwa sauti ndogo. Faiza naye alikubali kwamba lenzi iliona vitu vitano ambavyo macho yake ukingoni hayakuviona. Kilichoua wale samaki hawakukijua, wakasema hivyo wazi. Lakini mto ulikuwa mzima. Mlango wa Punda ukabaki, na kamati ikamjengea Alio ua wa miiba upande wa matikiti, ambao Afisa aliula katika wiki mbili.

Mjini, bila shaka, Timiro alichekwa. Alipoingia na maji kwenye nyumba za watu aliulizwa kama amebakiza kitoweo. Alicheka pamoja nao, na mizaha mingine aliianzisha yeye. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni na ambalo hakulitania. Daktari alikuwa amesema habari yote itaandikwa, na itasomwa Nairobi, na Uingereza, na kusini huko alikosoma Faiza. Atakuwa ameandikwa nini mle? Kwamba mwanamke wa punda aliharibu kazi ya wasomi? Maandishi hayachekeshwi yakasahau.

Ripoti ilikuja Septemba, nakala moja ya kamati, na Kulow akaileta mwenyewe Iftin chini ya kwapa. Timiro alimwambia Ikran atafute mahali alipotajwa. Ikran akapekua meza za hesabu, akapekua michoro, akafika ukurasa wa tisa, akasoma kimya kimya kwa Kiingereza.

"Nipe kama ilivyo," mama yake akasema. "Usiiwekee sukari."

Ikran akaitafsiri polepole, kidole chini ya mstari. "Ndoo kumi na mbili za mwanzo hazikuhesabiwa, kwa sababu mwenyeji wetu alikuwa amezichuja kwa kutuheshimu."

Timiro akainama juu ya karatasi.

"Soma tena," akasema.

Ikran akasoma tena. Timiro akainuka, akachota maji kwenye mtungi, akatandaza shashi juu ya kikombe, akayachuja, akampa Kulow anywe.